Tupeane uzoefu: beringi uliyoichagua vibaya ilikufundisha nini?

Fundi wa Pampu: Wakuu, habari za kazi. Nianze na yangu. Pampu ya wima iliua beringi ya juu, maandishi yakiwa yamefutika. Nikapima: tundu milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15. Nikasema hii ni namba 6205, beringi ya gololi ya kawaida, nikafunga, ikaingia bila shida. Wiki mbili hazikuisha ikaanza kunguruma. Kuifungua, njia ya gololi imechubuka upande mmoja tu. Kuja kusoma kitabu cha pampu, pale palitakiwa 7205, ambayo gololi zake zimekaa kwa pembe ili ibebe msukumo wa kufuata urefu wa shafti. Vipimo ni vile vile! Hata 1205, inayovumilia shafti iliyopinda kidogo, ni 25 kwa 52 kwa 15. Niliumia sana, maana pampu ilisimama kwa kosa langu. Siku hizi kabla ya kupima chochote nauliza mzigo unasukuma kuelekea wapi. Karibuni.

Mzee wa Mota: Pole sana mkuu. Mimi nililizwa na herufi za mwisho za namba ya beringi. Mota ya feni ya tanuri, nimetoa iliyoandikwa C3, dukani nikapewa ya kawaida, nikaambiwa hazina tofauti. Tofauti ipo. C3 ina nafasi kubwa zaidi kati ya gololi na pete. Pete ya ndani ikipata joto kuliko ya nje inatanuka, na ile nafasi inakwisha. Yangu ilikaza hadi shafti ikaungua rangi ya buluu. Ila msiweke C3 kila mahali, maana mashine isiyopata joto itapwaya na kupiga kelele bure.

Kinu Kikavu: Kwetu adui ni vumbi. Tulikuwa tunafunga beringi zenye alama ya ZZ. Kifuniko chake cha bati hakigusi pete ya ndani, kwa hiyo unga laini unapenya na grisi inageuka uji. Tulipohamia 2RS yenye sili za mpira, hali ikatulia. Sili hizo zinasugua, kwa hiyo kwenye mwendo mkali sana angalieni joto.

Binti Fundi: Naomba kuuliza, kwa nini tusichukue kubwa zaidi tu? Shafti ya 25 inakubali hata 6305.

Fundi wa Pampu: Dada, swali zuri. 6305 ina kipenyo cha nje cha 62, kwa hiyo nyumba yake, yaani tundu la mashine linaloshika pete ya nje, lazima ichongwe upya. Kama mzigo ni mzito kweli, inafaa: kwa beringi za gololi, mzigo ukiwa mara mbili, maisha yanashuka hadi moja ya nane. Lakini ukiweka kubwa kwenye mzigo mwepesi na mwendo mkali, gololi zinateleza badala ya kubingirika, na njia inaharibika.

Mzee wa Mota: Na mkichagua sawa, msiiue wakati wa kufunga. Ikiwa inakazwa kwenye shafti, sukuma pete ya ndani. Ukigonga ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha vidonda.

Kinu Kikavu: Fundi wa Pampu, hiyo 7205 moja inabeba msukumo wa upande mmoja tu. Uliifunga ikitazama wapi?

Fundi wa Pampu: Umenigusa. Mara ya kwanza niliigeuza kinyume, nikaona shafti inacheza juu na chini kabla sijawasha. Nikaitoa, nikaigeuza. Ndiyo inayozunguka hadi leo.