Kontrobox (kompyuta ya injini) imeungua, nianzie wapi?

Shikamooni wakubwa wa Lubumbashi. Gari langu ni la petroli, la mwaka 2000, nilikuja nalo kutoka Dar kupitia Kasumbalesa. Wiki iliyopita lilianza kuzima kila nikisimama. Nikikanyaga mafuta linanguruma vizuri, nikiachia tu, kimya. Jana fundi wa komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kafungua kontrobox: chipu moja ina kitobo katikati kama jino bovu. Anataka nimpe dola 150 atafute box la mtumba. Nitoe?
— Mgeni wa Bel-Air

Marahaba mdogo wangu. Usitoe hata senti. Mimi kwa haraka hiyo hiyo niliunguza box mbili ndani ya siku tatu. Chipu haijiunguzi. Fuata njia ya shaba kutoka kwenye kitobo mpaka pini ya soketi, halafu ufuate waya. Kwa dalili zako utaishia kwenye vavu ya sailensa, yaani ile inayoipa injini hewa ukiwa hujakanyaga mafuta, yenye kimota pale kwenye throtoli. Koili ya hicho kimota ikishorti inavuta umeme kuliko chipu inavyoweza kubeba. Chomoa soketi yake; ikiwa na pini sita, weka mita kwenye omu upime pini za vavu: 2 na 1, 2 na 3, kisha 5 na 4, 5 na 6. Nzima husoma omu 30 hivi. Yangu ilisoma 4! Na usiguse soketi ya kontrobox kabla hujatoa waya wa hasi wa betri.

Halafu huku usiseme kontrobox, sema kalkilateri. Sailensa waite ralanti. Mimi nilisema sailensa, kijana akaingia chini ya gari, nusu saa anagonga bomba la moshi.
— Kaka wa Ruashi

Naongezea. Kama ufunguo wako una chipu, box la mtumba litakataa kuwasha mpaka lioanishwe nao. Mimi nilibadilisha chipu iliyoungua peke yake. Alinifanyia fundi simu, ana mashine ya hewa moto. Wa gereji alikuja na pasi ya kuchomelea redio, nikamwambia asante, rudi nayo.
— Dada wa Katuba

Nimepima. Tatu zimesoma 31, ya 5 na 6 imesoma 3. Vavu mpya naipata wapi, dada? Na huyo fundi simu anafungua Jumapili?
— Mgeni wa Bel-Air