Naomba ushauri: mvinyo wa asili wa Italia kwa wageni wasiouzoea

Ndugu zangu, habari zenu. Ninaishi Bologna, ambako nahudumu katika mgahawa unaouza mvinyo wa asili, yaani ule unaochachuka kwa hamira ya zabibu zenyewe bila kuongezewa kitu, isipokuwa pengine salfa (kihifadhi cha mvinyo) kidogo sana wakati wa kujaza chupa. Nimeombwa kuchagua aina tatu kwa wageni wasiouzoea.

Nimeshaamua kuhusu Lambrusco di Sorbara wa hapa Emilia, ambao uchachu wake unakwenda vizuri na nyama za nguruwe zenye mafuta, na Frappato wa Vittoria, kusini mwa Sicilia, mwekundu na mwepesi.

Kinachonitatiza ni Ribolla Gialla wa Oslavia, karibu na mpaka wa Slovenia. Zabibu hiyo ni nyeupe, lakini baadhi ya wakulima wa huko huiacha ichachuke pamoja na maganda yake kwa wiki nyingi, hata miezi, mpaka mvinyo upate rangi ya kaharabu na ukakasi unaofanana na wa chai ya rangi iliyokolea. Binafsi naupenda mno, ila wageni wawili waliurudisha wakidhani umeharibika, na nilisikitika kwa kuwa sikuweza kuwaeleza ipasavyo.

Je, niuandae pamoja na chakula gani ili ukakasi huo usiwashtue? Na je, chupa zenye salfa kidogo mnazihifadhi vipi wakati wa joto la Julai, ikiwa hakuna ghala la chini ya ardhi?