Kasri la Neuschwanstein na kanisa la Wies kwa siku moja: je, mama ataweza?

Mwana wa Moshi:
Ndugu wanajamvi, salaam. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, atakuja kunitembelea hapa Munich, Ujerumani, mwezi Septemba, na amesema harudi nyumbani bila kuona makasri ya wafalme na makanisa ya kale ya milimani. Nimepanga tupande treni ya asubuhi hadi mji wa Füssen, tuingie makasri ya Hohenschwangau na Neuschwanstein, kisha tumalizie kanisa la Wies kabla ya kurudi jioni. Magoti yanamsumbua, ingawa mwenyewe hakubali. Je, ratiba hii inatekelezeka?

Mzee wa Treni:
Kijana wangu, haitekelezeki. Treni peke yake ni takriban saa mbili kwenda na mbili kurudi, na mabasi ya kutoka Füssen hadi Wies ni machache, hivyo ukikosa moja siku imekwisha. Chagua kasri moja. Hohenschwangau, ambalo Maximilian II, aliyekuja kuwa mfalme wa Bavaria, alilijenga upya miaka ya 1830, mtalitazama vizuri tu mkiwa chini. Tiketi ya Neuschwanstein huandikwa saa ya kuingia: mimi nilichelewa dakika chache nikisubiri gari la farasi, nikakuta zamu yangu imepita, nikabaki uani nikiwatazama wenzangu wakitoka. Hata gari hilo halifiki mlangoni, bali huwashusha chini kidogo mkamalizia mlima kwa miguu, na ndani mnapanda vidato 165 na kushuka 181. Ulizia lifti mapema, kabla hujalipa.

Dada wa Ubungo:
Namuunga mkono mzee, lakini Wies msiiache hata kidogo. Kwa nje ni jengo la kawaida katikati ya malisho ya ng'ombe, na mtu anaweza kujiuliza amefuata nini huko; ukifungua mlango, nuru, dhahabu na rangi vinakupokea kwa pamoja. Dominikus Zimmermann alilijenga kati ya 1745 na 1754, na kaka yake Johann Baptist akachora dari. Chanzo chake ni sanamu ya mbao ya Kristo akipigwa mijeledi, iliyokuwa imewekwa kando, ambayo mwaka 1738 mke wa mkulima mmoja aliiona ikitokwa na machozi. Mahujaji wakafurika hadi kikanisa kidogo cha mwanzo kikawa hakitoshi.

Mwoneshe mama dari kwa utulivu: upande mmoja kuna kiti cha hukumu ambacho bado hakijakaliwa, na upande wa pili mlango uliofungwa. Tena, katika ukumbi wa enzi wa Neuschwanstein hamna kiti kabisa, kwa kuwa Mfalme Ludwig II, aliyelijenga kasri hilo, alifariki mwaka 1886 kabla hakijatengenezwa. Mimi niliviona vyote viwili siku moja, nikawaza mpaka Munich. Epukeni Jumapili asubuhi, kwa sababu kuna misa na si wakati wa kutalii.

Mwana wa Moshi:
Shikamoo mzee, na ahsante sana dada. Nimeliondoa Hohenschwangau. Jana nilimsimulia mama habari za ile sanamu kwa simu. Kuhusu mfalme hakuuliza lolote, ila alitaka kujua kama mishumaa inapatikana palepale kanisani au abebe yake kutoka nyumbani.