Ushauri: Kupanda Mlima Hanang na kushuka siku hiyo hiyo

Mpandaji_Dar: Wakuu, salaam. Mwezi wa nane tunakusudia kupanda Hanang kwa njia ya Jorodom, watu wanne kutoka Dar, kwenda na kurudi siku moja. Tuna wiki sita za kujiandaa. Kwa sasa tunakimbia kilomita 5 mara mbili kwa wiki. Tubebe maji kiasi gani? Tuanze saa ngapi? Nina buti za mtumba ambazo bado zinaonekana mpya, na mwenzetu mmoja goti humsumbua akishuka ngazi.

Fundi_Mteremko: Mkuu, kukimbia tambarare kutawapa pumzi, lakini hakutawapa mapaja ya kushukia. Kilele kipo mita 3,420. Kutoka Katesh, mji ulio chini ya mlima, mnapanda zaidi ya mita 1,500, halafu mnazishuka zote miguu ikiwa imeshachoka. Wakati wa kushuka, msuli wa paja unakaza huku unavutwa, ndiyo maana miguu hutetemeka na watu huanguka jioni, si asubuhi.

Tafuteni jengo refu lenye ngazi, mara tatu kwa wiki. Anzeni na begi la kilo 5, mfike kilo 8 wiki ya nne. Uzito uwe chupa za maji: goti la mwenzenu likianza kuuma akiwa juu, amwage maji ashuke mwepesi. Yeye apimwe goti kabla hamjalipia chochote, na siku ya safari awe na fimbo mbili. Kwenye changarawe msiegemee nyuma, maana ndivyo mguu unavyoteleza. Hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, uzito juu ya nyayo. Wiki ya mwisho pumzikeni.

Mama_Kibuyu: Msitegemee kupata maji njiani. Kila mtu abebe lita 4 kutoka chini, na lita ya mwisho isiguswe mpaka mgeuke. Lita 2 kati ya hizo zitiwe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja kamili. Ukipunguza maji inakuwa chumvi kali na kichefuchefu juu yake. Kunyweni mafunda machache kila robo saa. Chakula kiwe kile tumbo linachokijua: viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, karanga, tende.

Kaskazi07: Lita 4 ni kilo 4 mgongoni, dada. Mwezi wa nane kuna baridi, lita 3 zinatosha.

Mama_Kibuyu: Kaka, baridi ndiyo inayodanganya. Ukingoni juu kuna upepo, jasho linakauka kabla hujaliona, na kiu inachelewa. Angalieni mkojo: ukiwa na rangi ya chai, mmeshachelewa.

Soli_Ngumu: Nirudi kwenye buti, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika. Buti iliyokaa stoo miaka inaweza kuoza spanji ya soli bila kuvaliwa hata siku moja. Bonyeza kwa ukucha ubavuni, kati ya ngozi na mpira wa chini. Ukimeguka unga kama chaki, usipande nazo. Gundi haisaidii, kwa sababu kilichooza ni spanji yenyewe. Ikiwa nzima, mpe fundi viatu azungushie uzi, kisha uivae kwenye mazoezi yote ya ngazi. Soksi za sufu au nailoni. Pamba inashika jasho na kuleta malengelenge. Kucha zikatwe siku tatu kabla. Kabla ya kushuka kaza kamba pale kifundoni, la sivyo vidole vitagonga mbele saa nzima baada ya saa nzima na kucha zitakuwa nyeusi.

Fundi_Mteremko: Muda: kwenda na kurudi ni takriban masaa 10 hadi 12. Lala Katesh, maliza habari za kibali na mwongozaji siku moja kabla, anzeni saa 11 alfajiri na tochi za kichwani. Ikifika saa 7 mchana mgeuke, hata kama kilele mnakiona. Bebeni koti la mvua na shati kavu la kubadilisha juu.

Mpandaji_Dar: Asanteni sana. Mmoja akichoka njiani, anaweza kukaa atusubiri tumpitie tukirudi?

Mama_Kibuyu: Hapana, ndugu yangu. Aliyelowa jasho akikaa kwenye upepo anapoa haraka, na ukungu ukishuka hamtamwona. Mmetoka usawa wa bahari, kwa hiyo kichwa kuuma kidogo kunaweza kutokea. Apumzike, anywe, ale. Akitapika, au akishindwa kutembea kwenye mstari mnyooka kisigino kikigusa vidole, anashuka papo hapo na mtu pembeni yake. Chukueni waongozaji wawili, ili mmoja ashuke naye.