Mjadala: Programu iliyolipiwa kwa kodi, msimbo wake uwe wazi?

MtoaHoja
Wakuu, hoja iko mezani. Taasisi ya umma ikitengenezewa mfumo kwa fedha za walipakodi, msimbo chanzo (maandishi ya programu kama mtaalamu alivyoyaandika) utolewe hadharani kwa leseni huria, yaani inayoruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Wapinzani wana sababu mbili kubwa: mhalifu atausoma ajue pa kupenyea, na kampuni iliyouandika itanyang'anywa hakimiliki yake. Zote mbili naziona hafifu. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, alishaandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri lazima ubaki imara hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo. Na leseni huria haifuti hakimiliki, inaitumia. Bila hakimiliki, GPL, leseni huria inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, isingekuwa na meno.

FundiSeva
Kerckhoffs alizungumzia mawasiliano ya kijeshi, mkuu, si mfumo wa mishahara ulioandikwa mbiombio ili zabuni ifungwe. Hiyo imani ya "macho mengi", kwamba msimbo ulio wazi husomwa na wengi hivyo makosa huonekana, nayo tumeona ilipotufikisha. Hitilafu ya Heartbleed iliingia na OpenSSL 1.0.1, maktaba huria ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, mwezi Machi 2012, ikaja kugundulika Aprili 2014. Kosa lenyewe lilikuwa dogo: mtu anatuma ujumbe mfupi huku akidai ni mrefu, seva haihakiki urefu huo, inamrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake. Humo mna nywila, na ukibahatisha, ufunguo wa siri wa seva. Msimbo ulikuwa wazi miaka miwili yote hiyo. Log4j, maktaba huria ya kuandika kumbukumbu za matukio ya programu, nayo ilibeba tundu lake tangu 2013 hadi Desemba 2021. Kuruhusiwa kusoma hakumaanishi kuna aliyesoma.

MkaguziMsimbo
Kweli, ila kufunga nako hakukumwokoa mtu. SolarWinds, kampuni ya programu za kusimamia mitandao, 2020: msimbo uliofungwa, wavamizi wakaingia kwenye mtambo wa kujengea programu, wakapandikiza chao, na sasisho likatoka likiwa na sahihi halali ya kampuni. Wateja wapatao 18,000 walilipokea. Hakuna aliyekuwa na cha kulinganisha nacho.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa uvumilivu hadi akakabidhiwa uwezo wa kutoa matoleo, kisha akaweka mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Angalieni alivyouficha. Data yenye sumu ilikaa kwenye ghala la Git, mahali msimbo na historia ya mabadiliko yake huhifadhiwa, ikijifanya mafaili ya majaribio, lakini hati (skripti) ya kuiamsha ilikuwamo kwenye kifurushi cha toleo peke yake. Aliyesoma ghala asingeiona. Mhandisi wa programu Andres Freund aliinasa kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kutoka mbali) kulichelewa takriban nusu sekunde, naye akakataa kulipuuza. Kwa hiyo "wazi au fungwa" ni swali nusu. Swali zima ni hili: programu inayokimbia kwenye seva imetokana na msimbo huu kweli?

Hilo hupimika. Jenga, yaani geuza msimbo kuwa programu, kutoka kwenye komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) yenye lebo ya toleo, si kwenye kifurushi alichokupakia mtu. Taja na usibadilishe matoleo ya kompaila (programu inayogeuza msimbo) na maktaba zote. Jenga kwenye mashine mbili zinazosimamiwa na watu tofauti, kisha linganisha hashi za SHA-256, namba zinazotambulisha faili kama alama ya kidole. Mara ya kwanza hazitalingana, msishtuke: wakorofi wa kawaida ni muda wa ujenzi unaoandikwa ndani ya faili, mpangilio wa mafaili usiotabirika, na njia kamili ya folda ya aliyejenga. Weka SOURCE_DATE_EPOCH (kigezo kinachotaja muda mmoja usiobadilika), panga mafaili kwa jina, kisha diffoscope, zana ya kulinganisha mafaili, itakuonyesha tofauti iliyosalia. Msimbo ukifungwa, mtu wa nje hawezi kufanya hata hatua ya kwanza.

FundiSeva
Safi. Sasa nani analipwa kuifanya kazi hiyo kila toleo? Zabuni huisha siku mfumo unapokabidhiwa. Mfumo ulio wazi usio na mtu wa kutoa viraka ni zawadi kwa wahalifu.

Hakimiliki_na_Leseni
Ndiyo maana jambo hili huamuliwa kwenye mkataba, kabla mstari wa kwanza haujaandikwa. Katika nchi nyingi, kulipa pesa hakuhamishi hakimiliki ya kazi ya mkandarasi. Bila kifungu cha maandishi inabaki kwake. Taasisi hulipia mfumo, kisha ikitaka kuziba tundu hukuta haina haki ya kugusa msimbo. Huo ni udhaifu wa kiusalama unaotokana na karatasi, nao haumo kwenye orodha ya mkaguzi yeyote.

MtoaHoja, leseni huria si kitu kimoja. Leseni ya MIT haitaji hataza (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi) waziwazi, ile ya Apache 2.0 inatoa haki ya kutumia hataza na kumwondolea haki hiyo anayeshtaki kwa madai ya hataza. Apache 2.0 haichanganyiki na msimbo ulio chini ya GPLv2 pekee, ila huingia kwenye GPLv3. Mfumo ukitumika kupitia mtandao tu, GPL haimlazimishi aliyeuboresha kutoa mabadiliko yake. AGPL, ndugu yake mkali zaidi, humlazimisha kuwapa watumiaji wake. Na masharti haya si mapambo: katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, mwaka 2008, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kwamba kuyavunja kunaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki.

MtoaHoja
Basi naongeza kwenye hoja: mkataba uhamishe haki, na matengenezo yawe na fungu lake. Mifumo ya zamani je? Ifunguliwe kesho?

Hakimiliki_na_Leseni
Haiwezekani kesho. Orodhesheni kwanza kila kijenzi na leseni yake. Maktaba moja ya kununuliwa iliyofungwa inatosha kuzuia kazi nzima, mpaka itolewe au mwenye nayo aridhie.

MkaguziMsimbo
Na msisahau historia ya Git. Ukifuta faili lenye nywila ya hifadhidata leo, komiti ya zamani bado inayo. Anzeni kwa kubadilisha funguo na nywila zote, ndipo msafishe historia au mfungue ghala jipya lisilo nayo. Anayesafisha bila kubadilisha hajui nakala ngapi zilishachukuliwa.

FundiSeva
Kwa utaratibu huo sipingi, isipokuwa kanuni za kunasa utapeli wa malipo: viwango vinavyowasha kengele vikae kwenye faili la mipangilio, nje ya ghala. Injini ionekane, namba zisionekane.