Gitaa la bossa nova na kiki ya klabu: huku chini ni matope

Swali
Wadau, natengeneza biti ya launji: gitaa la nyuzi za nailoni kwa mtindo wa bossa nova wa Brazili, chini yake kiki (ngoma nzito ya chini) inagonga kila pigo, tempo 124 kwa dakika. Gitaa peke yake linabembea. Kiki ikiingia, besi inavurugika. Nikavuta noti zote kwenye gridi (mistari ya mapigo ya programu), ikawa mbaya zaidi. Nianzie wapi?

Jibu 1
Anzia kwenye kidole gumba, mkuu. Ukihesabu 4/4, yaani mapigo manne kwa kila baa, gumba hupiga besi pigo la 1 na la 3, palepale kiki inapotua. Waya mnene wa E uko Hz 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), wa A Hz 110, na kiki nyingi zina mwili wake Hz 50 hadi 100. Wanagombania kiti kimoja. Kata sauti za gitaa zilizo chini ya Hz 120, kisha kazi ya gumba ifanywe na besi ya sinthesaiza. Ukipanda hadi Hz 250 gitaa litakonda, libaki mlio wa kucha tu.

Jibu 2
Hiyo gridi ndiyo iliyoua wimbo. Kwenye bossa nova, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya baa inayofuata mara nyingi huingia nusu pigo kabla ya baa yenyewe. Ukivuta kila kitu kwenye mapigo makubwa, inasukumwa hadi pigo la 1 na mbembeo wote unakufa. Rudisha rekodi ya awali. Sogeza noti za gumba tu zikutane na kiki, maana zikipishana milisekunde 20 au 30 utasikia vishindo viwili. Kodi ziache zilivyopigwa, tafadhali!

Kisha ongeza mlio wa fimbo kwenye ukingo wa ngoma. Gawa baa mbili katika nafasi 16, gonga ya 1, 4, 7, 11 na 14.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Na kiki yenyewe niiguse?

Jibu 1
Ifupishe mkia. Halafu kumbuka samba: surdo kubwa, ngoma yake ya besi, hutilia uzito pigo la pili la 2/4, ambalo kwenye hesabu yako ya 4/4 ni la 3. Weka tomu nzito (ngoma ya mlio mzito) hapo, kiki za 2 na 4 zishuke desibeli 2 hivi.

Jibu 3
Kwa kulinganisha, sikiliza albamu ya mwimbaji wa Brazili Bebel Gilberto ya mwaka 2000, *Tanto Tempo*. Suba, prodyuza Mserbia aliyehamia São Paulo, aliifanyia kazi kubwa, akafariki 1999 kabla haijatoka. Sauti iko karibu kabisa na sikio, elektroniki zimekaa nyuma yake. Kwa hiyo mwangwi wa sauti uwe mfupi, nao ukatwe chini ya Hz 300.