Vichwa vya maandishi matupu vinanimaliza, nisaidieni wasee

Karani_wa_Usiku
Habari zenu. Niko na kaswali kadogo lakini kamenikosesha usingizi, hii ni wiki ya tatu. Mimi huandika visa vya nyumbani, mambo ya ploti, mambo ya ushago, vile tulivyokulia Kayole, hivyo tu. Naandikia notepad, faili tupu la txt, hakuna rangi hakuna herufi nzito, na kila Jumapili jioni natuma visa vitatu vinne kwa faili moja kwa watu kama ishirini ambao wamezoea kunisoma. Shida ni kichwa cha kila kisa. Huwezi kukinenepesha kwa hivyo lazima ukijenge na vile viko kwa kibodi. Mimi hujenga hivi:

+==========================+
|  SIKU STIMA ILIPOPOTEA   |
+==========================+

Vichwa vidogo vya ndani naweka nyota tatu kila upande. Pia nimewahi kujaribu zile herufi nene za kunakili, kuna mahali unaandika jina linarudi likiwa limenenepa unalibandika. Sasa nibaki na sanduku, nipige mstari chini, ama niache herufi kubwa peke yake? Nataka staili moja nisiguse tena.

Shiro_wa_Umoja
Tumia Word. Kwani unajitesa juu ya nini?

Dereva_wa_58
Kichwa ni kama mgongo wa nganya, kama msee amesimama steji hawezi kuusoma ukipita mbio umepaka rangi bure. Lakini boss hilo sanduku kwa simu yangu limeanguka, ukuta wa kulia umelala mstari wa chini. Hiyo si nyumba, ni kibanda baada ya mvua ya Aprili.

Mama_Taipisti
Nimecheka peke yangu jikoni. Mimi nilitaipa miaka kumi na tisa kwa ofisi moja Kimathi Street kabla kompyuta hazijatufikia na hizo herufi nzito hatukuwa nazo. Kichwa cha katikati uliweka hivi: unapeleka mtambo katikati ya karatasi, halafu unarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili huku unataja moyoni, mbili mbili, ukimaliza kutaja jina lote hapo ndipo unaanzia. Kupiga mstari chini unarudi mwanzo wa neno unapita tena na kistari. Ukikosea herufi moja barua nzima unaanza upya na bosi anakuangalia na kalamu nyekundu. Na kichwa hakiwekwi nukta mwisho, hiyo nilichapwa nayo maneno mpaka nikalia chooni. Nyinyi mnapamba kichwa masanduku na ndani Kiswahili kimevunjika. Kwanza andika vizuri mwanangu.

Kodi_na_Chai
Mama heshima, hiyo ya mbili mbili sikuwahi kuisikia. Karani, sanduku lako linavunjika juu ya vitu viwili. Kwa notepad fonti inapea i na m upana mmoja, kwa simu nyingi i ni sindano na m ni kochi, kwa hivyo ukuta wa kulia hauwezi kusimama mahali pake. Halafu skrini ya simu ni nyembamba. Huo upana wa herufi 80 watu wanaoupenda kwa kompyuta umetoka kwa kadi za kutoboa za IBM za 1928, haukutengenezewa simu ya mfukoni.
Kuna njia za zamani zinafanya kazi. Kuna kupiga mstari wa alama za sawa chini ya kichwa kikubwa na vistari chini ya kidogo, na kuna kuanza mstari na # moja ama mbili, hiyo ya # msee wa programu, Aaron Swartz, aliitumia 2002 kwa mtindo wake wa kuandika aliouita atx, halafu John Gruber akazibeba zote mbili 2004 kwa Markdown, ile njia ya kuonyesha vichwa na herufi nzito kwa alama za kibodi tu. Wale wa Project Gutenberg nao, ambao wanaweka vitabu kwa maandishi matupu tangu 1971, wana desturi ya kuacha mistari minne mitupu kabla ya sura mpya na miwili baada ya jina lake. Nafasi tupu haivunjiki kwa simu yoyote.
Lakini buda, hii ni kazi ya dakika kumi. Wiki tatu ni za nini? Nani amelalamika?

Karani_wa_Usiku
Asante bro. Hakuna mtu amelalamika hivyo. Ni vile niko na visa 41 nishaviwekea sanduku na nilikaa usiku mzima nikipanga hizo kuta, so kuanza kubomoa sasa ni kama kutupa kazi. Hizo # nazo zinakaa kama namba ya ploti.

Kodi_na_Chai
Hujajibu swali.

Mama_Taipisti
Kweli hajajibu. Sema mwanangu, hapa hatuumani.

Karani_wa_Usiku
Sawa. Ni Mzee wangu. Presha ya macho ilimchukua jicho moja mwaka juzi na la pili likafuata mwaka jana, kwa hivyo simu ndiyo humsomea. Mimi nilikuwa natuma tu, sikuwahi kufikiria anasikia nini. Mwezi jana nikaenda nyumbani nikamkuta amekaa nje, simu kifuani, inasema jumlisha, sawa na, sawa na, sawa na, sawa na, na yeye ametulia anatikisa kichwa kama anasikiza padri. Anangoja iishe ndio kisa kianze. Kila Jumapili.
Halafu ikafika kwa visa viwili ambavyo vichwa nilibandika zile herufi nene. Simu ikaviruka kimya. Sasa kisa cha kwanza ni mazishi ya Nyanya, na kinachofuata ni Nyanya akitupikia Krismasi tukiwa watoto. Kwa masikio yake ni kisa kimoja. Akaniuliza, "Kwani mama alifufuka na hamkuniambia?" Akacheka sana. Mimi nilienda kuangalia ng'ombe na hakukuwa na ng'ombe, walikuwa wametoka.
Lakini hao wengine kumi na tisa wanapenda sanduku, dadangu husema akiliona tu anajua ni mimi. Kwa hivyo nafikiria nimtengenezee Mzee faili lake kando, wengine waendelee na lile. Hiyo si ni sawa?

Mpelelezi_Kariobangi
Ngojeni kwanza. Hii stori imepikwa. Alianza na masanduku, akabanwa kidogo akatoa mzee asiyeona, saa hii Nyanya amefufuka. Kesho Mzee atahitaji simu mpya na tutaletewa namba ya kutuma Mpesa. Nimekaa hapa miaka, nimeona mengi.

Shiro_wa_Umoja
Aki wewe!! Mtu analilia alama ya sawa na unamwita mkora.

Dereva_wa_58
Mkora gani hupiga hesabu ya nyota tatu wiki tatu? Wakora wa Nairobi wana haraka, waulize pale River Road.

Mpelelezi_Kariobangi
Sasa hiyo simu inaruka herufi kwa nini? Herufi ni herufi. Hapo ndipo ameteleza.

Sikio_la_Jogoo
Hajateleza. Mimi sioni tangu darasa la sita na uzi huu naupata kwa sikio, kwa kompyuta na NVDA, programu ya kunisomea skrini kwa sauti, ni ya bure. Zile nene si herufi, ni alama za hesabu ndani ya Unicode, ile orodha ya herufi na alama zote za kompyuta, sura tu ndiyo inafanana na A na B. Programu nyingine inazitaja moja moja kama mwalimu wa hesabu, nyingine inanyamaza kabisa. Yangu kwa simu hunyamaza. Na hilo sanduku lako la juu nimelisikiza lote, asante sana.
Karani, nikuambie vile huwa kwetu. Kwa ukurasa wa kawaida wa intaneti nabonyeza H naruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kwa txt hakuna H, kichwa ni mstari kama mistari mingine, kwa hivyo lazima maneno yenyewe yaseme kwamba ni kichwa. Andika "Kisa cha pili: Krismasi ya Nyanya." Na nukta mwisho, Mama nisamehe, juu bila nukta sauti inashuka moja kwa moja ndani ya kisa bila kupumua. Herufi kubwa zote pia acha, yangu ikikuta neno fupi kama KAA inalitamka K, A, A kama jina la chama. Ukitaka alama moja ya kutafutia weka # mwanzo, hiyo nasikia mara moja naendelea, hainiudhi.
Na hiyo ya faili la kando, ulizia Mzee kwanza. Mimi wakiniwekea yangu kando najua nikipiga simu kwa ndugu zangu kuna kitu walisoma mimi sikupata.

Mama_Taipisti
Nukta nimesamehe. Bosi wangu angekufa mara ya pili.

Mpelelezi_Kariobangi
Sawa na wewe usiyeona, mbona unataipa vizuri kunishinda?

Sikio_la_Jogoo
Gusa F na J kwa kibodi yako, kuna vinundu. Vidole vikishakaa hapo hayo mengine ni mazoea. Wewe unaangalia vidole ndio maana unakosea.

Dereva_wa_58
Hapo umeshushwa katikati ya Jogoo Road.

Karani_wa_Usiku
Nimempigia Mzee. Amesema faili la kando hataki, na sanduku niache "kama linafurahisha dadako". Nimelitoa. Jumapili inatoka hivi kwa wote ishirini:




# Kisa cha 42: Siku stima ilipopotea.


Sanduku nimeweka moja tu mwisho kabisa wa faili, chini ya kila kitu, lenye jina langu. Mzee akifika hapo anaweza kuzima simu.

Mpelelezi_Kariobangi
Swali la mwisho na ujibu haraka usifikirie. Krismasi hiyo Nyanya alipika nini?

Karani_wa_Usiku
Mrenda na kuku wa jirani. Jirani hakujua.

Mpelelezi_Kariobangi
Haya, niongezee kwa hiyo orodha ya Jumapili.